Kuunganisha rada na vihisi vya kijeshi: kituo kimoja, nyayo za kugawana au vipimo ghafi?

Saa moja na dakika mbili asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, askari wawili waliokuwa kwenye rada ya Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu huko Hawaii, waliona kwenye kioo kundi kubwa la ndege likija kutoka baharini, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Wakapiga simu kituo cha taarifa cha Fort Shafter. Watumishi waliokuwa wakipanga alama juu ya meza ya ramani walikuwa wamekwisha kutoka zamu saa moja kamili, na afisa kijana aliyebaki aliamini kuwa hizo ni ndege za Marekani zilizokuwa zikitarajiwa kutoka California. Akawaambia wasijali. Kabla ya saa mbili mabomu ya Wajapani yalikuwa yakianguka kwenye kambi ya majini ya Pearl Harbor.

Rada ile ilifanya kazi yake barabara. Kati ya kioo chake na mizinga ya kutungulia ndege hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuuliza alama hizi ni za nani, zinaelekea wapi, na ni nani mwingine aliyeziona. Mtandao wa vihisi huundwa kwa ajili ya maswali hayo, na majeshi yameujenga kwa namna nyingi. Makala haya yanalinganisha namna tatu kuu kwa ajili ya msomaji anayelazimika kuchagua au kuielewa hoja ya kuchagua: afisa anayeandaa mpango wa ulinzi wa anga au wa pwani, mwanafunzi wa chuo cha ulinzi, mhandisi, au mjumbe wa kamati ya bunge aliyeletewa bajeti yenye majina ya mifumo asiyoifahamu.

Maneno mawili yatarudi mara kwa mara. Kipimo ni jibu moja la kihisi: umbali, upande, na saa ambayo kitu kilionekana. Nyayo ni vipimo vilivyopangwa kwa mfuatano hadi vikaonyesha kitu kimoja kinachosafiri, chenye mahali, mwelekeo, kasi na namba yake. Mwindaji anaijua tofauti hiyo: alama moja ya kwato kwenye tope haimwambii mengi, lakini ishirini zilizofuatana zinamwambia mnyama amekwenda wapi na kwa haraka gani.

Njia ya kwanza hupeleka vipimo vyote kwenye kituo kimoja, ambacho huunda nyayo na kuzisambaza. Ya pili humwachia kila mwenye kihisi aunde nyayo zake mwenyewe, kisha wenzake wagawane zilizokwisha kuundwa. Ya tatu humtaka kila mmoja awape wenzake vipimo vyenyewe vikiwa ghafi, na kila mmoja aunde picha nzima peke yake.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vingine vyote, ni hiki: nani anaamua kuwa alama mbili ni kitu kimoja? Rada mbili zikiiona ndege ileile, kila moja itaiweka mahali tofauti kidogo. Ukiziacha alama zote mbili, utatuma vikosi viwili kuifuata ndege moja. Ukiziunganisha wakati ni ndege mbili, moja itapita bila kuonekana, au itabebeshwa utambulisho wa nyingine. Mitandao mingi iliyoleta maafa ilikosea hapo, vihisi vyake vikiwa vinaona vizuri kabisa.

Kigezo cha pili ni umri wa habari. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa husogea karibu kilomita 27 katika dakika nne. Kwa hiyo alama yenye umri wa dakika nne inaeleza mahali ambapo ndege haipo tena. Cha tatu ni mzigo unaobebwa na njia za mawasiliano. Cha nne ni kile kinachotokea kiungo kinapokatika, kwa bomu au kwa kuvurugwa mawimbi. Cha tano ni gharama, nami nawahesabu humo watu wa kuendesha mfumo na miaka ya kuwafunza, si bei ya mitambo pekee.

Kabla ya kuingia katika njia zenyewe, kuna sharti linalozibana zote tatu. Kila kihisi lazima kijue kiko wapi na ni saa ngapi, kwa usahihi uleule wa wenzake. Kosa dogo la saa laweza kuua hata ndani ya mfumo mmoja: tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudi Arabia, mfumo wa Marekani wa kutungulia makombora uitwao Patriot, uliokuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo ulikuwa umekusanya kosa la karibu theluthi moja ya sekunde katika hesabu yake ya muda. Kwa kasi ya kombora la Scud, hilo ni zaidi ya nusu kilomita. Mfumo ulitazama mahali pasipo na kitu, na askari 28 wa Marekani wakafa. Anayepanga kuunganisha vihisi kumi bila kuwa na mpango wa saa na wa kupima mahali pa kila kimoja hajafika bado kwenye uchaguzi unaofuata.

Njia ya kwanza: kituo kimoja kinachochuja

Mfano wake bora ni mfumo ulioandaliwa Uingereza na Hugh Dowding, aliyeongoza Fighter Command, kamandi ya ndege za kivita, tangu ilipoundwa mwaka 1936. Rada za Chain Home zilipangwa pwani zikitazama baharini. Ndege zikishavuka ufuko, rada hizo hazikuweza kuzifuata, na kazi ilihamia kwa watazamaji wa Observer Corps, wapatao 30,000 katika vituo kama 1,000, waliotumia macho, masikio na simu. Taarifa za rada ziliingia kwenye chumba cha kuchujia huko Bentley Priory, nje kidogo ya London. Humo ndimo nyayo zilimozaliwa na kupewa namba, kisha zikapelekwa kwa simu kwenye vyumba vya operesheni vya makundi na sekta.

Tazama kwa karibu namna walivyokishughulikia kigezo cha kwanza. Chain Home ilipima umbali vizuri lakini upande iliupima vibaya. Mchujaji hakuuamini upande. Alichora tao la umbali kutoka kituo kimoja, akachora jingine kutoka kituo jirani, na pale matao yalipokatana ndipo alipoiweka ndege. Vihisi viwili dhaifu, vikitumiwa kwa lile tu ambalo kila kimoja kilifanya vizuri, vilitoa jibu ambalo hakuna kimojawapo kingelitoa peke yake. Sijaona maelezo bora kuliko hayo ya kwa nini vihisi huunganishwa.

Umri wa habari nao walikuwa na dawa yake. Ukutani ilitundikwa saa ambayo uso wake uligawanywa vipande vya dakika tano tano kwa rangi tatu, nyekundu, njano na buluu, zikizunguka. Wasichana waliosimama kando ya meza walisukuma kete kwa fimbo ndefu, na kila kete ilikuwa na rangi ya kipande ambacho mshale wa dakika ulikuwamo taarifa ilipofika. Afisa aliyekaa juu hakuhitaji kuuliza. Akiona kete ya rangi iliyokwisha kupita, alijua habari ile imezeeka, na kete iliyozeeka mno iliondolewa mezani. Mifumo mingi ya leo yenye skrini za thamani kubwa huonyesha alama zote kwa ung'avu uleule, ya sekunde mbili zilizopita na ya dakika mbili zilizopita, nami naliona hilo kuwa kurudi nyuma.

Mzigo wa mawasiliano ulikuwa mwepesi kwa kila kituo, kwa kuwa mtu mmoja alisoma tarakimu chache kwenye simu, lakini kituo chenyewe kilihitaji nyaya nyingi na watu wengi waliofunzwa. Simu zilipokatika, hali ilikuwa ngumu ila haikuwa ya kukata tamaa: uwanja wa Kenley uliposhambuliwa tarehe 18 Agosti 1940, chumba cha operesheni kilihamishiwa Caterham, katika jengo lililokuwa duka la nyama. Kituo cha aina hii hustahimili kikiwa na akiba iliyoandaliwa mapema na mafundi wa simu walio tayari. Makosa nayo yalikuwapo. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, taarifa zisizo sahihi zilizifanya ndege za kirafiki zionekane adui, ndege za kivita za Uingereza aina ya Spitfire zikaziangusha Hurricane mbili, nazo za Uingereza, na rubani mmoja akafa. Somo lililotoka hapo ni kwamba mtandao unaomwona adui lazima uwaone na wenyeji, na utafutaji wa alama za utambulisho wa ndege za kirafiki ukaharakishwa.

Marekani iliikabidhi kompyuta kazi ya mchujaji. Mfumo wa SAGE ulianza kazi mwaka 1958, data za rada zikisafiri kwenye laini za simu hadi vituo vyenye kompyuta ya AN/FSQ-7, mtambo wa takriban tani 250. Kila kituo kilikuwa na mbili, ili moja ikizimika nyingine iendelee. SAGE ilidumu hadi miaka ya 1980, lakini vituo vyake vilijengwa wakati ambapo makombora ya masafa marefu yalikuwa yameanza kuwa tishio kuu, na jengo kubwa lisilohama halina pa kujificha mbele ya kombora la aina hiyo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Igloo White, uliofanya kazi tangu mwishoni mwa 1967 hadi 1973. Marekani iliangusha kutoka angani vihisi vya mtikisiko na vya sauti, takriban 20,000 kwa jumla, kando ya njia ya Ho Chi Minh nchini Laos, ambayo Vietnam ya Kaskazini iliitumia kupeleka askari na shehena kusini. Kihisi cha mtikisiko kilijichimbia ardhini kama mkuki, kikaacha nje antena iliyotengenezwa ifanane na mmea. Ndege zilizozunguka juu zilipokea ishara na kuzipeleka Nakhon Phanom, Thailand, ambako kompyuta za IBM zilisoma mfuatano: kihisi cha kwanza kikilia, cha pili kikafuata baada ya dakika kadhaa, cha tatu vivyo hivyo, basi kuna lori, linaelekea kusini, na kasi yake yapatikana kwa kugawanya umbali kwa muda. Wazo lilikuwa safi. Lakini kituo kilisikia tu, hakikuona. Betri ziliisha, vihisi vilihitaji kuangushwa upya kila mara, na wapinzani wao walijifunza kuvidanganya. Idadi ya malori yaliyodaiwa kuharibiwa ilikua hadi wachambuzi wa Marekani wenyewe wakatilia shaka, kwa kuwa ilizidi idadi ya malori iliyokadiriwa kuwapo Vietnam ya Kaskazini yote. Mtandao ulijipa alama kwa kipimo ambacho hakuna aliyekwenda chini kukihakiki, na mabomu yalianguka juu ya nchi ambayo ilikuwa na wakazi wake.

Uilinganishe hiyo na Ukraine. Oktoba 2022 ilianza kutumika huko programu ya simu iitwayo ePPO: raia anayeona au kusikia droni au kombora huielekeza simu yake upande huo na kubonyeza kitufe, na taarifa huingia kwa walinzi wa anga. Baadaye likaja kundi la vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo kote nchini. Jenerali James Hecker, aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga la Marekani barani Ulaya, alieleza mwaka 2024 kuwa vilikaribia 10,000, kila kimoja kikigharimu dola 400 hadi 500. Droni za Shahed zinazorushwa na Urusi huruka chini na polepole, na injini zake hunguruma kama za pikipiki, hivyo sauti huzifichua pale rada zinapozibwa na milima na majengo. Hapa pia kila kitu huingia kituoni kama Laos. Tofauti ni kwamba mwisho wa mnyororo kuna askari wenye bunduki juu ya gari, ambao wanaiona droni kwa macho na kurudisha jibu usiku uleule: ilikuwepo au haikuwepo. Jibu hilo ndilo Nakhon Phanom ilikosa.

Njia hii inamfaa mwenye vihisi vingi dhaifu au vya aina tofauti, mwenye ardhi yake ya kudumu na njia za mawasiliano anazozimiliki, na anayekabili shabaha ambazo kasi yake inaruhusu dakika chache za kufikiri.

Njia ya pili: kugawana nyayo zilizokwisha kuundwa

Meli na ndege haziwezi kubeba nyaya za simu. Kwa ajili yao yalitengenezwa mawasiliano ya data, na lililo maarufu kuliko yote leo katika NATO na kwa washirika wake wengi ni Link 16. Kila chombo kina rada yake na kompyuta yake, kinaunda nyayo zake, kisha kinawaambia wengine: kitu fulani kipo hapa, kinaelekea kule, kwa kasi hii, na nina uhakika kiasi hiki.

Swali la nani anaamua linajibiwa kwa kanuni. Vyombo vikigundua kuwa vinaripoti kitu kimoja, kile chenye nyayo za ubora wa juu ndicho huendelea kuripoti na vingine hunyamaza. Kanuni hiyo huokoa mawasiliano kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu mfumo huu unawezekana. Muda wa redio umegawanywa vipande vya milisekunde 7.8125, yaani vipande 128 kwa sekunde, na kila mshiriki hupewa vipande vyake vya kusema. Masafa hurukaruka kati ya megahezi 960 na 1,215 ili kumwia vigumu anayetaka kuvuruga. Hakuna kituo kimoja ambacho kikipigwa kila kitu kinakufa; hata chombo kinachoshika saa ya mtandao kinaweza kurithiwa na kingine.

Uchakavu wa habari ndio udhaifu wake wa kwanza. Nyayo za mwenzako hukufikia kila baada ya sekunde kadhaa, zikiwa zimekwisha kulainishwa na kompyuta yake. Kwa kumwelekeza rubani wa ndege ya kivita hilo linatosha kabisa. Kwa kuliongoza kombora la kujilinda dhidi ya shabaha inayopindapinda, halitoshi.

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Vyombo viwili visipokubaliana barabara kuhusu mahali vilipo, ndege moja itaonekana kuwa mbili, na namba za nyayo zitaanza kugawanyika, kuungana na kurithiana. Tarehe 3 Julai 1988, katika Mlango-Bahari wa Hormuz, meli ya kivita USS Vincennes ya Marekani iliidungua ndege ya abiria ya Iran, safari namba 655 kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, na watu wote 290 waliokuwamo wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa: meli ilikuwa katikati ya mapambano na boti, na muda wa kuamua ulikuwa dakika chache. Lakini uchambuzi uliofuata ulionyesha pia suala la namba. Vincennes na meli nyingine, USS Sides, ziliipa ndege ile namba mbili tofauti, 4474 na 4131. Mfumo uliokuwa ukiziunganisha meli hizo ulitambua kuwa ni kitu kimoja, ukaiacha 4131 iendelee, na 4474 ikawa huru. Muda mfupi baadaye ikapewa ndege ya kivita ya Marekani iliyokuwa mbali na ilikuwa ikishuka. Nahodha alipouliza 4474 inafanya nini, alijibiwa kuwa inashuka. Ndege ya abiria aliyokuwa akiifikiria ilikuwa ikipanda, kama ipasavyo ndege iliyotoka kuruka.

Kila kifaa katika mnyororo ule kilijibu sawasawa na kilichoulizwa. Ndiyo maana nasisitiza kuwa anayechagua njia hii asiishie kuuliza redio zinafika umbali gani, bali aulize pia namba za nyayo zinatolewa vipi, zinabadilishwa vipi, na mtu aliye kwenye kiti cha maamuzi anajulishwaje kwamba namba anayoikumbuka sasa ni ya mwingine.

Gharama ni ya wastani kwa kila chombo, ila mafunzo na mpango wa kugawa vipande vya muda kabla ya operesheni vinahitaji watu wenye ujuzi ambao hawapatikani kwa kozi ya wiki moja. Njia hii inawafaa washirika wenye vifaa vya viwanda tofauti, wanaotembea, na wanaotaka kila mmoja abaki na uwezo wa kupigana peke yake kiungo kikikatika.

Njia ya tatu: kugawana vipimo ghafi

Kombora linaloruka mita chache juu ya maji halionekani na rada ya meli hadi litokeze juu ya upeo. Kwa antena iliyo mita 20 juu ya bahari na kombora lililo mita 5, hapo ni kama kilomita 28. Kombora lenye kasi inayokaribia ya sauti huzimaliza kwa takriban dakika moja na nusu. Ndani ya muda huo hakuna nafasi ya kusubiri mwenzako alainishe nyayo na kuzituma.

Jibu la Jeshi la Majini la Marekani, lililobuniwa kwa kiasi kikubwa katika maabara ya Applied Physics ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ni Cooperative Engagement Capability, au CEC. Kila meli hutuma kila kipimo cha rada yake, bila kukilainisha, kwa meli zote za kundi, na kila moja hufanya ukokotoaji uleule juu ya vipimo vilevile. Kwa kuwa malighafi ni moja na hesabu ni moja, zote hufikia picha moja. Rada moja ikipoteza shabaha kwa sekunde chache kwa sababu ya mvua au kisiwa, vipimo vya nyingine huziba pengo na nyayo hazikatiki. Katika majaribio yaliyofanyika Hawaii mapema mwaka 1996, rada zilizowekwa juu ya mlima katika kisiwa cha Kauai ziliwezesha meli USS Lake Erie kuzifyatulia shabaha ambazo rada yake yenyewe haikuweza kuziona nyuma ya upeo.

Kwa kigezo cha kwanza, basi, njia hii ndiyo yenye jibu safi kuliko zote: anayeamua ni hesabu ya pamoja. Kwa umri wa habari pia hakuna inayoishinda. Bei ya ubora huo inalipwa penginepo. Mzigo wa mawasiliano ni mkubwa mno, na unahitaji antena zinazoelekeza mawimbi kwa mshiriki mmoja mmoja kwa nguvu ya kutosha kushinda uvurugaji. Washiriki hawawezi kuwa wengi kama wa Link 16. Na sharti la hesabu moja maana yake ni programu zinazoelewana kikamilifu katika kila chombo: mwaka 1998 meli USS Hué City na USS Vicksburg zilikwama kwa sababu programu mpya za kompyuta zao hazikupatana na mfumo huo, na kurekebisha kulichukua muda mrefu. Kiungo kikikatika, meli inarudi kwenye rada yake tu, ikiwa salama kama ilivyokuwa zamani lakini na mabaharia waliozoea kuona mbali.

Inamfaa mwenye vyombo vichache vya gharama kubwa, vya jeshi moja, vinavyosafiri pamoja na kukabili shabaha ambazo sekunde tano zinaamua kufa na kupona.

Mwongozo kwa hali

Ikiwa unalinda pwani ndefu kwa bajeti ndogo, na unaowatafuta ni maharamia, wasafirishaji wa dawa za kulevya na wavuvi haramu, anza na kituo. Ndivyo ilivyofanyika katika Bahari ya Hindi ya Magharibi: Kanuni za Maadili za Djibouti za Januari 2009 zilianzisha vituo vya kupashana habari Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mtambo wa utambulisho wa AIS ni wa lazima kwa meli za tani 300 na zaidi zinazofanya safari za kimataifa, kwa hiyo meli kubwa hujitaja zenyewe. Majahazi na boti ndogo hazijitaji. Hapo somo la Observer Corps lina thamani kuliko rada moja zaidi: mvuvi wa Lamu, Pemba au Mtwara anayeijua kila tanga ya majirani zake, akiwa na namba ya kupiga na mtu wa kupokea usiku wa manane, ni kihisi ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza. Apewe majibu ya alichoripoti, la sivyo ataacha kupiga.

Ikiwa tishio ni droni za bei rahisi zinazokuja kwa makundi juu ya nchi kavu, kituo pamoja na vihisi vingi vya sauti na macho ya watu bado kinastahili kutangulia, ila vituo viwe zaidi ya kimoja na kila kimoja kiweze kushika kazi ya jirani. Tenga fedha za betri na za kubadilisha vihisi kila mwaka, kisha weka utaratibu wa kuhakiki kila tukio. Bila hivyo utajenga Igloo White nyingine.

Ikiwa operesheni yako ni ya mataifa kadhaa, kila moja na ndege na meli zake, kugawana nyayo ndiko kunakowezekana kisiasa na kiufundi. Mshirika anaweza kukupa nyayo bila kukufichulia uwezo halisi wa rada yake, jambo ambalo hatalikubali kwa vipimo ghafi. Fanyeni mazoezi ya kulinganisha mahali kabla ya kila operesheni, na zoezi moja liwe la makusudi la namba za nyayo kubadilika mikononi mwa mtu anayeamua.

Ikiwa una meli tatu au nne za aina moja na adui mwenye makombora ya kasi, vipimo ghafi vinastahili gharama yake, mradi bajeti ya kuhuisha programu katika meli zote kwa pamoja imeandikwa kwa miaka kumi ijayo. Isipoandikwa, chukua njia ya pili.

Na ikiwa kikosi chako kinapelekwa mbele kabla vifaa vyake vya mawasiliano havijafika, kanuni za kufyatua zibadilike siku hiyohiyo. Tarehe 23 Machi 2003, karibu na mpaka wa Kuwait na Iraq, kikosi cha Patriot cha Marekani kiliidungua ndege ya Tornado ya Uingereza iliyokuwa ikirudi kambini, na wafanyakazi wake wawili wakafa. Uchunguzi wa Uingereza ulieleza kuwa kikosi kilikuwa kikifanya kazi peke yake, vifaa vyake vya mawasiliano vikiwa bado njiani kutoka Marekani, hivyo hakikuwa na picha pana ya anga. Kikosi kilicho katika hali hiyo kishike silaha kwa ajili ya kujilinda dhidi ya kinachokijia chenyewe tu, na ruhusa pana zaidi isubiri siku kiungo kitakapowashwa na kupimwa kwa ndege ya kirafiki inayojulikana saa yake ya kupita.